The General, The Great Dictator au Playtime: uanze na ipi?

Wachekeshaji watatu waliokuwa kileleni waliweka kila walichokuwa nacho kwenye filamu moja: Buster Keaton na The General (1926), Charlie Chaplin na The Great Dictator (1940), Jacques Tati na Playtime (1967). Chaplin alivuna fedha nyingi kuliko kwa filamu yake nyingine yoyote. Keaton alinyang'anywa uhuru wa kufanya kazi atakavyo. Tati alifilisika.

Kubishana ipi ni bora hakumsaidii mtu mwenye jioni moja na kioo kimoja, cha simu, kompyuta au televisheni. Swali linalomfaa ni ipi itafanya kazi kwenye kioo alicho nacho, kwa muda alio nao, na kwa watu atakaokaa nao. Na jibu linategemea kitu kimoja: kila mmoja kati ya hawa alicheza kamari mahali tofauti. Keaton aliiweka kwenye mwili wake na chuma. Chaplin aliiweka kwenye sauti. Tati aliiweka kwenye ukubwa wa picha. Ukishajua kamari iliwekwa wapi, unajua pia kipi kikikosekana utakuwa umepoteza muda wako.

Kwa mwenye haraka: kama una simu au kompyuta ndogo, au kuna watoto, chukua The General. Kama unataka hadithi yenye siasa, maneno na mtu wa kumchukia, chukua The Great Dictator. Playtime iache mpaka upate kioo kikubwa. Usiiangalie kwenye simu hata kwa kuonja, maana utaikinai bila kuwa umeiona.

Kamari zenyewe

The General imetokana na kisa cha kweli cha Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo wapelelezi wa Kaskazini waliiba treni Kusini na kukimbia nayo huku wakikata mawasiliano nyuma yao. Keaton aligeuza upande: shujaa wake, Johnnie Gray, ni dereva wa treni wa Kusini aliyeibiwa injini yake, iitwayo General. Upigaji picha ulifanyika majira ya joto ya 1926 karibu na Cottage Grove, Oregon, ambako bado kulikuwa na reli za mtindo wa zamani. Askari wa akiba wa Oregon wapatao 500 walicheza majeshi yote mawili. Walivaa sare za upande mmoja wakapigwa picha, kisha wakabadili na kuwa maadui wao wenyewe.

Tukio linalotajwa kila mara ni la daraja. Injini halisi ya mvuke ilipitishwa juu ya daraja la mbao lililokuwa linaungua, daraja likakatika, injini ikatumbukia Mto Row. Hakukuwa na sanamu ndogo wala ujanja wa kamera, na hakukuwa na nafasi ya kurudia. Tukio hilo peke yake liligharimu takribani dola 42,000, na mabaki ya injini yalikaa mtoni mpaka yalipokusanywa kama chuma chakavu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Filamu nzima ilifika takribani dola 750,000. Mapato yake Marekani hayakufika nusu milioni.

Kosa halikuwa la ufundi. Watazamaji walikuja kucheka, wakakuta nusu ya muda wanaangalia mbio za treni zenye mantiki kali na utulivu. Wahakiki nao walichukizwa kuona watu wakifa vitani ndani ya kichekesho, ilhali vita hivyo vilikuwa bado na mashahidi walio hai. Kuna askari mvizia anayeuawa na upanga uliochomoka mpinini mwa Johnnie kwa bahati mbaya, na hata leo wapo watakaocheka na wapo watakaonyamaza.

Chaplin alikuwa na shida nyingine kabisa. Filamu za sauti zilikuwa zimeshatawala kwa zaidi ya miaka kumi, na yeye bado alikuwa hajafanya filamu yenye mazungumzo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mtu wake wa kofia na fimbo alieleweka dunia nzima alipokuwa kimya. Kumpa sauti kulikuwa ni kumfunga kwenye lugha moja. Akachagua kufanya hivyo kwa kumkejeli Hitler, wakati Marekani ilikuwa haijaingia vitani na studio nyingi hazikutaka kugusa suala hilo. Alitumia takribani dola milioni mbili za mfukoni mwake. Upigaji picha ulianza Septemba 1939, siku chache baada ya vita kulipuka Ulaya. Serikali ya Uingereza, ambayo awali ilikuwa tayari kuipiga marufuku ili isimuudhi Hitler, ilikuta filamu imetoka Oktoba 1940, wakati Uingereza tayari inapigana naye. Hapo marufuku haikuwa na maana tena.

Tati alitoka kwenye Mon Oncle, iliyompa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na angeweza kuendelea na mhusika wake Bwana Hulot kwa raha. Badala yake alijenga mji. Nje kidogo ya Paris, upande wa kusini-mashariki, alisimamisha majengo ya chuma na kioo, barabara za lami, taa za barabarani na mtambo wake wa umeme. Watu wakapaita Tativille. Baadhi ya majengo yaliwekwa juu ya magurudumu ili yasogezwe kulingana na kamera, na kwa mbali watu wengine ni picha za kadibodi zilizosimamishwa. Dhoruba iliharibu sehemu ya seti, fedha zikakatika mara kwa mara, na kazi iliyoanza 1964 ikamalizika 1967. Alipiga kwa mkanda wa milimita 70, ule wa filamu kubwa za vita na za kihistoria, akang'ang'ania ionyeshwe katika kumbi zenye mitambo ya mkanda huo na sauti ya stirio. Kumbi hizo zilikuwa chache. Ukishatumia miaka mitatu kutengeneza kitu kisichoweza kuonyeshwa katika kumbi nyingi, hesabu inakuwa imekwisha kukataa hata kabla ya mtazamaji wa kwanza.

Kichekesho kinavyojengwa

Hapa ndipo tofauti inapomgusa mtazamaji moja kwa moja.

Kwa Keaton, kila kichekesho ni fizikia, na unaona sababu na matokeo ndani ya picha moja. Mfano wa kukata na shoka ni wa mataruma. Johnnie amekaa mbele ya injini inayotembea, amekumbatia taruma zito la mbao alilotoka kuliondoa relini. Mbele anaona jingine limelala kwenye reli, litaangusha treni. Hana muda wa kushuka. Anainua alilonalo, analitupa juu ya ncha ya lile jingine, na yote mawili yanaruka pembeni. Tendo moja linamtua mzigo na kuondoa kizuizi. Kamera haikati, kwa hiyo unajua limefanyika kweli, treni ikitembea.

Kingine ni pale alipokaa amehuzunika juu ya chuma kinachounganisha magurudumu ya injini, treni inaanza kuondoka, na chuma kinampandisha na kumshusha mpaka anaingia bandani bila kujua. Kinaonekana kitulivu, lakini kilikuwa cha hatari kuliko vingi: mvuke ukizidi kidogo magurudumu huteleza na kuzunguka ghafla, na mtu aliyekaa pale angerushwa au kusagwa. Ilihitaji dereva mwenye mkono mwepesi mno.

Na siyo injini tu. Msichana wake, Annabelle Lee (Marion Mack), anapopewa kazi ya kutia kuni kwenye tanuri huku maadui wanawafukuza, anatia kijiti. Johnnie, kwa kejeli, anampa kibanzi kidogo zaidi. Anakipokea kwa umakini na kukitia nacho. Johnnie anamkaba shingo, halafu anambusu, halafu anarudi kazini. Sekunde chache, na uhusiano wao wote umeelezwa.

Filamu imepangwa kama safari ya kwenda na kurudi: kilichomtesa Johnnie wakati wa kuwafukuza wezi, anawatesa nacho wakati wa kurudi. Kwa hiyo usiruke mbele. Anayekosa nusu ya kwanza ataona nusu ya pili kama vurugu za treni tu.

Chaplin anafanya kazi kwa uso, mikono na safari hii koo. Anacheza watu wawili: Adenoid Hynkel, dikteta wa Tomania, na kinyozi wa Kiyahudi anayefanana naye. Hotuba ya kwanza ya Hynkel ni kelele za Kijerumani cha kubuni, na mikrofoni zinajikunja kumkwepa. Huhitaji tafsiri yoyote. Baadaye anacheza na dunia ya puto kwa muziki wa Wagner, anairusha kwa mgongo na kichwa, mpaka inampasukia usoni. Muda mfupi tu baada ya hapo, kinyozi anamnyoa mteja kwa mapigo ya ngoma ya Kihungari namba 5 ya Brahms, picha moja bila kukatwa, kila mpigo na wembe wake. Matukio hayo mawili yakifuatana ni sababu tosha ya kuichagua filamu hii.

Lakini haiko sawa mwanzo hadi mwisho. Sehemu za ikulu ni kali. Sehemu za mtaa wa Wayahudi, hasa mapenzi ya kinyozi na Hannah (Paulette Goddard), zinazorota. Jack Oakie anapoingia kama Napaloni, dikteta wa nchi jirani, filamu inaamka upya: viti vya kinyozi vinavyopandishwa kila mmoja akitaka kuwa juu ya mwenzake ni kichekesho ambacho hata mtoto anakielewa. Halafu unakuja mwisho, ambapo kinyozi, akidhaniwa ni dikteta, anazungumza kwa dakika kadhaa akitazama kamera, bila kichekesho hata kimoja. Wapo wanaoliona ndilo jambo kuu la filamu, wapo wanaoona Chaplin ameacha kuigiza akaanza kuhubiri. Kwa maoni yetu hotuba inaivunja filamu kama kazi ya sanaa, na bado ndiyo inayokumbukwa. Mwambie mapema unayeangalia naye kwamba inakuja, asije akaona kama mkanda umebadilishwa.

Tati anafanya kinyume cha wote wawili. Hakuna picha za karibu, karibu hakuna hadithi, na Hulot mwenyewe anapotea katikati ya umati. Wanapita hata watu wengine waliovaa kama yeye ili kukuchanganya. Kundi la watalii kutoka Marekani linafika Paris, Hulot anamtafuta mtu ofisini, wanapishana mchana kutwa, jioni wanakutana mgahawani. Basi. Paris ya kale yenyewe, mnara wa Eiffel ukiwemo, inaonekana kama kivuli kwenye milango ya vioo tu. Vichekesho viko vinne au vitano kwa pamoja kwenye picha moja, na hakuna anayekuonyesha kwa kidole uangalie wapi.

Ndiyo maana kioo kidogo kinaiua. Katika mgahawa wa Royal Garden, unaofunguliwa kabla haujamalizika kujengwa, samaki mmoja anakolezwa viungo na mhudumu baada ya mhudumu mbele ya wateja wake na hapewi mtu. Migongo ya viti ina nembo ya taji, na ukiangalia vizuri utaona taji hilo limechapwa kwenye makoti ya wateja. Mlango wa kioo unavunjika, bawabu anabaki na kishikio, na anaendelea kuwafungulia wageni hewa kwa heshima zote. Hilo la mwisho utaliona hata kwenye simu. Mawili ya kwanza hutayaona, na filamu imejaa ya aina hiyo.

Nakala, sauti na mipangilio ya kioo

The General haina tena mwenye haki miliki huko Marekani, na hilo ni neema na balaa. Inapatikana kirahisi, lakini nakala nyingi ni vivuli vya vivuli, na muziki umebandikwa ovyo. Ijaribu kwa dakika mbili kabla hujaita watu. Simamisha picha injini inapoonekana kwa ubavu: jina lake lisomeke. Nenda kwenye daraja: uone mbao zikivunjika, siyo doa jeusi likizama doa jeupe. Angalia watu wanavyotembea, maana filamu ya kimya iliyowekewa kasi isiyo yake huwafanya ama wakimbie kama siafu ama waburute miguu. Urefu wa kawaida ni dakika 75 hadi 80. Ikizidi sana hapo, shaka kasi. Tafuta nakala yenye muziki uliotungwa kwa ajili yake, kama wa Carl Davis au wa Joe Hisaishi. Ukikosa, ni afadhali uzime sauti kuliko kuvumilia piano inayorudiarudia kipande kimoja.

Filamu za Keaton na Chaplin zote mbili ni za picha inayokaribia mraba. Lazima pawe na mistari myeusi kulia na kushoto. Televisheni nyingi hujaribu kuinyoosha ijaze kioo, Chaplin akawa mnene na miguu ya Keaton ikakatwa. Zima mpangilio huo. Zima pia ule unaolainisha mwendo wa picha, kwa sababu huifanya filamu ya zamani ionekane kama tamthilia ya video.

The Great Dictator ni ya kama saa mbili na dakika tano, na mazungumzo yake ni Kiingereza cha haraka. Tafuta nakala yenye maandishi ya tafsiri, ila ikiwa maandishi yanajaribu kutafsiri hotuba ya Hynkel ya Kijerumani cha uongo, aliyeyaandika hakuielewa filamu.

Playtime ilitoka ikiwa na zaidi ya saa mbili na nusu, kisha Tati mwenyewe akaipunguza. Inayopatikana leo, iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2002, ni ya takribani dakika 124. Yenyewe ni pana. Ukikuta nakala ya mraba, imekatwa pembeni, na pembeni ndiko vichekesho viliko. Tafsiri unaweza kuizima kabisa: watu wanaongea Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani vikichanganyika, na Tati aliyachukulia maneno kama kelele nyingine tu za mji. Sauti yenyewe ndiyo ya kusikiliza. Viatu kwenye sakafu, mto wa kiti unaofura baada ya kukaliwa, mlango usiotoa sauti hata ukibamizwa. Hedifoni nzuri ni bora kuliko spika za televisheni.

Kama huna uwezo wa kukaa nayo mara moja, ikate mahali pamoja tu: baada ya sehemu ya nyumba zinazoonekana kutoka nje kupitia madirisha, kabla ya mgahawa. Mgahawa unachukua kama robo tatu ya saa na umejengwa kupanda kidogokidogo. Ukiukata katikati umeuharibu. Na usikate tamaa dakika kumi za mwanzo. Pale panapofanana na hospitali ni uwanja wa ndege, na kutokujua uko wapi ni sehemu ya kichekesho.

Unaangalia na nani

Watoto wa shule ya msingi watafuata The General bila shida ukiwasomea maandishi machache yanayojitokeza. Jambo moja la kujiandaa nalo: shujaa anapigania Kusini, upande uliotetea utumwa, na filamu haisemi neno juu ya utumwa. Keaton aliona tu kwamba watazamaji wangemhurumia aliyeshindwa. Mtu mzima anayeangalia na vijana aseme hilo mwenyewe, kwa sababu skrini haitalisema.

The Great Dictator inafaa kundi linalopenda kubishana baadaye. Iangalieni mkijua kwamba ilitengenezwa kabla dunia haijajua ukubwa wa mauaji ya kambi za Wanazi. Chaplin aliandika katika kumbukumbu zake za maisha kwamba angelijua, asingeweza kuifanya. Mwenye kuona mzaha wa aina hiyo hauvumiliki ana hoja, na asilazimishwe.

Playtime huchosha kundi la watu wengi waliokaa karibu na vitafunwa. Ni ya mtu mmoja au watatu wenye subira, au ya ukumbi mkubwa uliojaa, ambapo huyu anacheka kona hii na yule kona ile, na kila mmoja anageuka kuangalia mwenzake ameona nini. Hali ya kati ndiyo mbaya.

Baada ya hapo

Ukiipenda The General, usiruke kwenda kwenye filamu za sauti za Keaton. Baada ya hasara ile alipewa wasimamizi wa kumbana gharama. Bado alitoa Steamboat Bill, Jr. (1928), kisha mwaka huohuo akasaini mkataba na studio kubwa ya MGM, uamuzi aliokuja kuuita kosa kubwa la maisha yake. The Cameraman, ya kwanza huko, ni nzuri. Baada ya hapo studio iliamua kila kitu, naye akaachishwa kazi 1933.

Ukiipenda The Great Dictator, nenda Modern Times (1936), ambako Chaplin anaonja sauti bila kuzungumza, halafu Monsieur Verdoux (1947), chungu zaidi na iliyopokewa vibaya Marekani. Katika Limelight (1952) utamkuta Keaton jukwaani pamoja naye kwa dakika chache. Ni mwaka huohuo Chaplin alipofutiwa kibali cha kurudi Marekani akiwa safarini.

Ukiipenda Playtime, rudi nyuma kwenye Mon Oncle kabla ya kwenda mbele. Tati alipoteza nyumba ya familia, na haki za filamu zake zikaingia mikononi mwa wadai. Baada ya hapo alimaliza filamu mbili ndefu tu, Trafic (1971) na Parade (1974), ya pili ikiwa ya televisheni. Trafic inaingia hata kwenye kioo kidogo.